Kigoma na meli ya zimamoto: tununue nini hasa?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni karani wa mizigo pale ufukweni Kibirizi. Juzi nimeona video ya meli ya zimamoto ya New York ikirusha maji juu angani, nikabaki na maswali. Vyombo vya namna hii vilianzaje? Na kwa nini bandari yetu ya Kigoma, yenye meli, mafuta na Ziwa Tanganyika zima, haina hata kimoja? Kikiletwa, kitatusaidia na sisi wa maboti ya mbao?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana najua karani hana muda. Kigoma haihitaji meli kama hiyo ya New York. Inahitaji pampu kubwa iliyofungwa kwenye tagi (chombo kifupi chenye nguvu cha kuvuta na kusukuma meli) inayofanya kazi zake za kila siku, akiba ya povu la kuzimia moto, na watu waliozoea kuvitumia. Kibirizi inahitaji kitu tofauti kabisa, nacho nitakifikia. Ila usije ukadhani nakunyima kitu kizuri kwa ubahili, itabidi tuzunguke kidogo kwenye bandari za wenzetu. Wao walijifunza mambo haya kwa kuunguliwa.

Tuanze na hesabu ya maji. Gari la zimamoto hubeba maji yake lenyewe. Tuseme tangi lake ni la lita 5,000 na mipira inatoa lita 2,000 kwa dakika. Baada ya dakika mbili na nusu tangi limekauka. Kama hakuna haidranti, yaani bomba la mtaani la maji ya zimamoto, ya kuunganisha hapo karibu, askari wanabaki wameshika mpira mkavu huku wananchi wakiwazomea. (Huwa nawaonea huruma sana, maana kosa si lao.) Chombo kilicho majini hakina haja ya tangi. Kinafyonza maji kupitia tundu lililo chini ya ubavu wake na kuyasukuma juu, na kitaendelea hivyo mpaka mafuta ya injini yaishe. Faida yake kubwa ndiyo hiyo, na historia yake yote ni watu kuhangaika kuipata.

London, miaka ya 1760, vikosi vya zimamoto vilikuwa mali ya kampuni za bima. Pampu ya mkono ikawekwa juu ya mashua katika mto Thames. Wanaume walipiga makasia hadi penye moto, kisha mikono ileile iliyochoka ikageukia mpini wa pampu. Unaweza kukisia maji yalifika umbali gani. New York nayo ilianza kwa mtindo huohuo mwanzoni mwa karne ya 19.

Mvuke ndio uliobadilisha mambo. Boston iliteketea vibaya Novemba 1872, na mwaka uliofuata ikawa na William M. Flanders, meli ya mvuke iliyojengwa makusudi kwa kazi ya kuzima moto. New York ikafuata mwaka 1875 na William F. Havemeyer. Pampu sasa haikuchoka, lakini mvuke una gharama ambayo watu husahau kuitaja: boila haiwashwi kama jiko la gesi. Ukitaka chombo kitoke ndani ya dakika chache lazima moto wa boila utunzwe usiku na mchana, wachoma makaa wakipokezana zamu, hata kama mwezi mzima hakuna kilichoungua. Injini za mafuta ziliondoa adha hiyo. John J. Harvey ya mwaka 1931 ilitumia petroli na kutoa lita zipatazo 68,000 kwa dakika. Fire Fighter ya mwaka 1938, iliyosanifiwa na William Francis Gibbs, ilitumia dizeli kuzalisha umeme, na umeme huo ukaendesha pampu na propela. Hiyo ilifika kama lita 75,000. Three Forty Three, iliyoanza kazi mwaka 2010 na kupewa jina la idadi ya wazimamoto 343 waliokufa Septemba 11, 2001, inatoa kama lita 190,000 kwa dakika.

Tarakimu hizo zinavutia, najua. Sasa nikuonyeshe mahali zilipogonga mwamba.

Juni 30, 1900, moto ulianza kwenye marobota ya pamba katika magati ya Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Upepo ukausukuma hadi kwenye meli za abiria za kampuni ya Kijerumani zilizokuwa zimefunga pale. Kamba zikaungua, meli zikaanza kuelea mtoni zikiwa zinawaka. Vyombo vya uokoaji vilifika mpaka ubavuni. Mabaharia walikuwa wamekwama vyumba vya chini, nyuso zao zikionekana kwenye madirisha ya duara, na madirisha yale yalikuwa membamba kuliko mabega ya mtu. Waokoaji wangeweza kuwapa maji ya kunywa, ila kuwatoa hawakuweza. Walikufa watu zaidi ya 300. Baada ya hapo ukaja msukumo wa kupanua madirisha ya meli, na kwangu hilo liliokoa watu wengi kuliko pampu yoyote ambayo ingenunuliwa mwaka ule.

Miaka minne baadaye, Juni 15, 1904, General Slocum iliwaka ikiwa safarini kwenye East River, palepale New York, imebeba wanawake na watoto waliokuwa wanakwenda matembezi ya kanisa. Mipira ya maji ya meli ilikuwa imeoza ikapasuka, na majaketi ya kuokolea yalikuwa yameoza vilevile. Walikufa watu 1,021. Huo ulikuwa mji wenye meli nyingi za zimamoto kuliko karibu miji yote duniani, na ajali ilitokea mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Basi fikiria Liemba, meli yetu kongwe ya abiria, ikiwa ziwani kati ya Kigoma na Kasanga, saa nane za usiku. Chombo cha zimamoto kilichofungwa gatini Kigoma kitaifanyia nini? Chombo kilicho safarini kinajizima chenyewe au hakizimwi.

La tatu ndilo ninalopenda kulisimulia zaidi, kwa sababu linahusu maji yenyewe.

Februari 9, 1942, meli kubwa ya Kifaransa, Normandie, ilikuwa gati namba 88 New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea askari. Cheche za mafundi wa kuchomelea zikaangukia lundo la majaketi ya kuokolea yaliyojazwa sufi, ile sufi ya msufi tunayojazia mito. Moto ukapanda sitaha za juu. Wazimamoto wa nchi kavu walipotaka kuunganisha mipira yao na mabomba ya meli, viungo havikuingiliana: vya meli vilikuwa vya Kifaransa, vyao vya Kimarekani. Kwa hiyo maji yakamwagwa kutoka nje, kutoka gatini na kutoka kwenye meli za zimamoto, kwa saa nyingi. Moto ulidhibitiwa. Lakini maji yaliyobaki kwenye sitaha za juu yalianza kuiinamisha meli upande mmoja. Mhandisi aliyeisanifu, Vladimir Yourkevitch, alifika akashauri wafungue milango ya chini ili meli ijae kwa usawa na kuketi kwenye tope, kwani pale kina kilikuwa kifupi. Hawakumsikiliza. Usiku huohuo, alfajiri ya Februari 10, meli ikalala ubavu, na haikurudi tena kazini.

Sababu ni hii. Jaza maji kwenye sinia pana, libebe kwa mikono miwili, kisha liinamishe kidogo tu: maji yote yanakimbilia upande ulioinama, na kulirudisha sawa kunakuwa kazi ngumu kuliko uzito wa maji yenyewe. Sitaha pana ya meli hufanya hivyohivyo, na kadiri maji yanavyokuwa juu ndivyo hatari inavyozidi.

Ulete hesabu hiyo Kigoma. Liemba, ambayo Wajerumani waliileta ikiwa vipande kutoka Papenburg na kuishusha ziwani mwaka 1915, ina nafasi ya abiria 600 na shehena ya tani 200. Tagi ya kisasa ya daraja la chini kabisa la kuzima moto hutoa mita za ujazo 2,400 kwa saa, yaani lita 40,000 kwa dakika. Kwa dakika 10 hizo ni tani 400. Si maji yote yatabaki sitahani, mengi yatamwagika, lakini hata nusu yake tu ni shehena yake nzima imewekwa mahali pabaya. Ukiielekezea Liemba mizinga ya kurushia maji ya Three Forty Three, utazima moto na utaizamisha gatini. Ndiyo maana swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kuuzia bandari ya ziwani chombo cha zimamoto liwe: nani atakayesimama pale na kuamua lini pampu zizimwe?

Umenielewa vibaya ukidhani nasema vyombo hivi havina kazi. Kuna kazi moja vinaifanya kuliko kitu kingine chochote, nayo mara nyingi si ya kuzima meli. Ni kuupa mji maji. Usiku wa Desemba 29, 1940, London ilipopigwa mabomu ya moto, mabomba makuu ya mji yalipasuka. Thames ilikuwa imekupwa mno, meli za zimamoto zikasimama katikati ya mto na watu wakaburuta mipira kwenye tope hadi ukingoni. San Francisco, tetemeko la Oktoba 1989, haidranti za mtaa wa Marina zilikauka; meli ya zimamoto Phoenix ikafunga pembeni na kusukuma maji ya bahari hadi mitaani. Na New York mwaka 2001, majengo yalipoanguka na kukata mabomba, ile John J. Harvey iliyokuwa imeshastaafishwa na kuuzwa kwa mnada ilirudishwa kazini na wamiliki wake wa kiraia, ikasukuma maji kwa muda wa saa zipatazo 80.

Hapo ndipo Kigoma ingefaidi. Maghala ya bandari, stesheni ya reli na maduka ya mjini karibu yote yako umbali ambao mipira kutoka ukingoni inaweza kufika. Kupanda hadi mtaa wa Mwanga ni hadithi nyingine: kila mita 10 za mlima zinakula bar 1 ya nguvu ya maji, kabla hujahesabu msuguano ndani ya mpira, kwa hiyo utahitaji pampu za kupokezana njiani, gari moja likilisha jingine. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanaijua kazi hiyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa maji pale chini.

Sasa kwa nini nasema tagi? Meli ya zimamoto peke yake hukaa. Inakaa wiki, inakaa miezi, ina mabaharia wa kulipwa, rangi ya kupakwa, na injini inayoharibika kwa kutotumika. Miji tajiri inamudu hilo. Bandari nyingine nyingi duniani ziliamua zamani kwamba tagi, ambayo kila siku inasukuma na kuvuta meli na ina nahodha anayelijua gati kwa macho yaliyofumba, ifungwe pampu na mizinga ya maji. Mashirika yanayokagua ubora wa meli yakaweka madaraja. La kwanza ndilo hilo la mita za ujazo 2,400 kwa saa, kwa mizinga miwili inayofika mita 120 mbele. La pili ni 7,200. La tatu 9,600. Kwa Kigoma hata daraja la kwanza ni kubwa. Mimi ningeridhika na nusu yake.

Tena pampu kubwa haifungwi kwenye chombo chochote tu. Mzinga mmoja wa daraja la kwanza ukifunguliwa wote unasukuma chombo nyuma kwa nguvu ya karibu tani moja na nusu. Boti jepesi litazunguka au litarudi nyuma kama limegongwa. Tagi ina uzito na injini ya kujishikilia mahali pake, na ndiyo sababu nyingine ninayoipendelea.

Ziwa letu lina neema yake: maji ni safi, hayana chumvi, kwa hiyo pampu haiozi kama za baharini. Lakini tuko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na hilo lina athari mbili ambazo muuzaji wa Dar es Salaam hatakwambia. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 8 ya nguvu yake. Na pampu ya kubeba inayofyonza maji kutoka juu ya gati, ambayo pwani kwa hesabu ingevuta kutoka mita 10.3 chini, hapa mwisho wake ni mita 9.4, kwa vitendo usiitegemee zaidi ya 6. Kwa pampu iliyo ndani ya tagi, chini ya usawa wa maji, hilo halina shida. Faida nyingine ya chombo kinachoelea umeiona mwenyewe: ziwa lilipopanda miaka hii na kumeza ufukwe na nyumba za watu, mitambo iliyojengwa ukingoni ilifikiwa na maji. Kinachoelea kinapanda na ziwa.

Halafu kuna mambo mawili ya bei nafuu ambayo yangefanywa hata kabla ya tagi kuwekewa pampu.

La kwanza ni viungo. Rudi kwenye Normandie. Ziwa hili lina nchi nne, na vyombo vinafunga Kigoma kutoka Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu. Kila nchi inaweza kuwa na viungo vyake vya mipira. Meli za kimataifa za baharini zinalazimika, kwa mkataba wa SOLAS (ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini), kuwa na kiungo kimoja kinachofanana dunia nzima: duara la chuma lenye kipenyo cha milimita 178, matundu manne, na bolti nne za milimita 16. Fundi yeyote wa mashine ya kukereza chuma anaweza kulitengeneza. Kila chombo kikubwa cha ziwa kikiwa nalo, na gati likawa nayo machache, moto hautakuta watu wanalinganisha nyuzi za viungo.

La pili ni povu. Mafuta mengi ya kwenda ng'ambo yanapita Kigoma, na petroli inayowaka haizimwi kwa maji: maji yanazama chini yake, petroli inaelea na kuendelea kuwaka, tena inasambaa. Povu linaifunika na kuikata hewa. Chukua dimbwi la mafuta la mita 10 kwa 10. Kwa kipimo cha lita 6.5 kwa kila mita ya mraba kwa dakika, kwa dakika 15, unahitaji karibu lita 9,750 za mchanganyiko. Dawa yenyewe ya povu, ikichanganywa kwa asilimia 3, haifiki lita 300. Hayo ni madumu 15 ya lita 20. Yanaenea kwenye kona ya ghala. Ila yana tarehe ya kuisha muda, na ningependa kumjua mtu atakayeisoma tarehe hiyo kila mwaka.

Sasa Kibirizi. Nitasema waziwazi: tagi ya bandarini haitawaokoa nyie. Boti la mbao lenye madumu ya petroli likishika moto, dakika tano ni nyingi. Aprili 2025, boti la mbao lenye injini liliwaka karibu na Mbandaka, huko Kongo, baada ya abiria kupika ndani yake. Walikufa watu zaidi ya 100, wengi wakiwa wamejirusha majini bila kujua kuogelea. Nadhani umeona jiko la mkaa ndani ya boti la Kibirizi. Mimi nimeliona. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki kwa upepo mdogo bali unashuka na kulala chini kabisa, kule yanakokusanyika maji ya boti, ukisubiri cheche. Dizeli haiko hivyo: haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 50, ilhali petroli inautoa hata kwenye baridi kali. Kwa hiyo madumu ya petroli yakae nyuma, mbali na abiria na mbali na jiko, na wakati wa kumimina mafuta hakuna moto wa aina yoyote, hata sigara ya nahodha.

Ufukweni mnachoweza kuwa nacho ni pampu ya kubeba ya watu wawili, ya lita kama 1,000 kwa dakika, na mipira michache, mikononi mwa kikundi chenu cha wenye maboti. Wekeni ndoo za mchanga kwa moto mdogo wa petroli. Piga 114 mara moja, kabla hujaanza kupambana, maana wenzio wa Zimamoto wanahitaji muda wa kuja.

Na jambo la mwisho, ambalo nimelitoa kwenye meli za mafuta. Kwa miaka mingi, zikiwa gatini, zilikuwa zikining'iniza waya wa chuma upande wa nje, ili tagi iweze kuzikamata na kuzivuta mbali bila mtu kupanda meli inayowaka. Pale Kibirizi maboti yamebanana ubavu kwa ubavu, yote yamefungwa kwa kamba, na kamba inaungua. Kila boti lifungwe mnyororo wa mita tatu hivi kwenye omo, yaani pua ya boti, mwisho wake ukiwa umening'inia nje mahali unapofikika, na wekeni ndoana moja yenye mti mrefu pale ufukweni. Likiwaka moja, boti jingine lenye injini linaukamata mnyororo na kulitoa nje ziwani lisiunguze mengine. Bei ya mnyororo huo utaiulizia dukani Kigoma mjini, na mtu wa kuwashawishi wenye maboti ni wewe, kwa kuwa karani ndiye anayejua boti lipi limefunga wapi.